Ndama wa Dawa ya Sita

Hapo zamani, na msinihesabie miaka maana zamani yenyewe ni ya juzijuzi, kompyuta zilipokuwa zimeshapanda mpaka milima ya Rungwe lakini mtandao wa simu bado unasitasita njiani, palikuwa na mjane mmoja jina lake Subilaga. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliototolesha vifaranga kwa mashine. Alikuwa na moyo mwema, mdomo mwepesi, na ndama jike mmoja mwekundu. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Wa Subilaga alizaa, tena akazaa jike, na Subilaga alimpenda ndama yule kuliko alivyompenda marehemu katika miaka yake ya mwisho. Hilo alilisema mwenyewe, mimi simsengenyi mtu.

Sasa, mashine. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, milango miwili mbele, na ndani trei za mayai elfu moja na mia nane. Iliongozwa na kompyuta kuukuu ambayo haikujua picha, haikujua rangi, wala haikuwa na kipanya. Skrini nyeusi na maandishi meupe, basi. Unaandika amri, inakujibu. Na skrini ile ilionyesha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukitaka kuona joto la mayai, unaona joto. Ukitaka kusoma waraka, joto linaondoka na waraka unakuja. Vyote viwili kwa pamoja haikuweza, na hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lina ubaya.

Waraka wenyewe uliandikwa na Mwalimu Ambakisye. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, ndiye aliyeifunga mashine siku ya kwanza na ndiye aliyeijua. Aliandika humo dawa zote za mashine ile, dawa ya kwanza, dawa ya pili, mpaka ya kumi na mbili, kila moja na namba yake mwanzo wa mstari. Aliandika kwa herufi za kawaida ili waraka ufunguke katika kompyuta yoyote. Palipo na kichwa cha habari aliweka alama ya reli, ile ya vijiti viwili vilivyokatizwa na viwili. Neno zito alilizungushia nyota, mbili mbele na mbili nyuma.

Akina mama walipoufungua waraka wakaona msitu. Reli huku, nyota kule, maneno yamejificha katikati. Mmoja wao aliamini kabisa kwamba nyota ni hesabu ya trei zitakazoharibika usipofuata maagizo. Walisoma, lakini walisoma wakiwa wamekunja uso.

Na palikuwa na desturi moja pale, ishikeni vizuri. Simu kule mlimani ilikatika kabla salamu hazijaisha, na Mnyakyusa haruki salamu hivihivi. Kwa hiyo waliamua kwamba mashine ikiumwa, salamu zitasubiri. Aliye zamu anampigia Mwalimu, anataja neno moja la shida, Mwalimu anajibu namba moja ya dawa, simu inakatika, kazi inaendelea. Walifanya hivyo miaka mitatu. Namba wakazizoea kama majina ya watoto wao, ila dawa yenyewe waliisoma kwenye waraka kila mara.

Ndiyo maana dawa ya nne ilipopitwa na wakati, kwa sababu ilihusu beseni la maji lililopasuka na kutupwa, Mwalimu aliifuta lakini hakuzigusa namba nyingine. Waraka ukawa na dawa ya tatu, kisha ya tano. "Nikisema sita, iwe sita ileile," alisema. Akaacha pengo, akaona amefanya jambo la akili. Nami nasema kweli lilikuwa la akili.

Basi akaja Tumpale. Huyu alikuwa binti wa hapohapo kijijini, amesomea kompyuta chuoni Mbeya, amerudi na kujiunga na kikundi. Alipomwona Subilaga amekunja uso mbele ya skrini kama anayesoma barua ya msiba, akamhurumia. Akakaa wiki mbili, akatunga amri, akaiita pamba, kwa maana ya kuremba. Unaandika pamba, unataja jina la waraka, na waraka unakuja umeoga. Vichwa vya habari vimeng'aa. Maneno mazito yamekolea. Nyota zimetoweka, reli zimetoweka, dawa zimepangwa moja chini ya nyingine, kila moja na namba yake imenyooka.

Subilaga alisoma waraka wote mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza bila kupumzika. Machozi yakamlenga. Akasema, "Ndaga, asante mwanangu. Kumbe Mwalimu anaandika vizuri hivi."

Hakuna aliyezitazama namba. Nani hutazama namba za kitu alichokizoea?

Siku moja asubuhi, mvua inanyesha, mashine ilikuwa na mayai ya siku ya kumi na tisa. Wafugaji wanajua maana yake. Siku ya ishirini na moja vifaranga wanatoka, na siku tatu hizo za mwisho milango haifunguliwi, hata mtu akidai ameona nyoka ndani. Tena mayai hayo hayakuwa ya mchezo. Kideri kilikuwa kimepita vijiji vitatu na kumaliza kuku wote, na kaya sitini zilikuwa zinasubiri vifaranga hao ili zianze upya. Watu walipita pale kila siku kuuliza, wengine wakiwa wameshatengeneza mabanda.

Zamu ilikuwa ya Atupele. Huyu alikuwa mama wa watoto wanne, mtulivu, anayesoma polepole lakini hasahau. Alikuwa peke yake, ameketi mbele ya skrini, amefungua waraka kwa pamba na kuusoma kwa raha tu. Umeme ukakatika. Kompyuta, iliyokuwa na betri yake, ikabaki inawaka. Baada ya kitambo umeme ukarudi kwa kishindo. Muda si mrefu kengele ya mashine ikaanza kulia.

Kengele ile ilikuwa na sauti moja. Joto likipanda mno ililia hivyo. Joto likishuka mno ililia hivyohivyo.

Atupele akachukua simu. Mwalimu Ambakisye alikuwa Tukuyu mjini, kwenye foleni ya kutibiwa macho.

"Mwalimu, kengele inalia."

"Sita," akasema Mwalimu, na simu ikakatika.

Atupele akatazama skrini. Dawa ya sita ilisema hivi: Zima hita. Fungua milango yote miwili. Pepea kwa ungo mpaka kengele inyamaze.

Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Kufungua milango siku ya kumi na tisa, jambo ambalo angemfokea mtu mwingine kwa kulifikiria tu. Akapiga simu tena, haikupatikana. Akapiga mara ya tatu, haikupatikana. Akazima hita, akafungua mlango wa kulia, akafungua mlango wa kushoto, akachukua ungo akaanza kupepea huku akilia.

Wakati huohuo Subilaga alikuwa anakuja mbio kutoka migombani, nyuma yake wanawake wanne, kengele inasikika mpaka barabarani. Ulimi hauna mfupa, jamani. Alipokuwa anakimbia akasema kwa sauti kubwa, wote wakasikia, "Atakayeyaokoa mayai haya, yeyote yule, ndama wangu ni wake. Mnishuhudie."

Wakaingia. Subilaga akaona milango iko wazi na upepo wa mvua unapita juu ya mayai. Akamrukia Atupele, akamshika mkono.

"Unayaua, Atupele. Funga."

"Mwalimu kasema, mama."

"Kasema nini?"

"Sita. Sita ni hii hapa, soma mwenyewe."

Subilaga akasoma. Ilikuwa hivyo. Bado hakuuachia mkono, akauvuta ili aufunge mlango kwa nguvu, na Atupele, mtulivu yule, akajitia kati yake na mlango na kukataa kusogea. Subilaga akachoka, akauachia. Wakapepea wote. Baada ya muda kengele ikanyamaza, Atupele akafunga milango, akaita joto kwenye skrini, likawa zuri.

Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga elfu moja na mia tano na ushei. Kaya sitini zikapata kuku. Watu wakaimba. Fundi alikuwa amekuja mchana uleule wa kengele, akasema kuna kitu ndani ya mashine kiliganda umeme uliporudi, akakibadilisha, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kiliganda vipi. Mayai yamepona, unauliza nini tena?

Ikabaki ahadi. Subilaga hakuwa mtu wa kukwepa ahadi, ingawa usiku alimtazama ndama wake na kuugua moyoni. Akajiuliza ni nani aliyeyaokoa mayai, akajijibu upesi: ni Mwalimu, kwa neno moja tu alilosema. Akaona mambo ni mepesi. Jumamosi akaalika kikundi kizima uwanjani mwa nyumba ya mashine, wakapika mbalaga, zile ndizi za kupika, na maharage, na ndama akaletwa ameoshwa, kamba mpya shingoni.

Mwalimu Ambakisye akaja amevaa miwani myeusi ya hospitali. Subilaga akamkabidhi kamba kwa mikono miwili, watu wakapiga vigelegele. Mwalimu akasimama kutoa neno la shukrani. Laiti angeketi tu.

"Akina mama," akasema, "mimi nilipokuwa naijaribu mashine, kabla sijawakabidhi, nimeona kengele ile ikilia mara ishirini, na mara zote ishirini ilikuwa baridi. Huku kwetu ni baridi tu. Kwa hiyo Atupele aliponiambia inalia, sikuhitaji kuuliza. Nikasema sita. Nanyi mkafunika mashine kwa mablanketi, mkasogeza majiko ya mkaa, mkafanya kama nilivyoandika. Nimefurahi sana."

Wanawake wakatazamana. Atupele, aliyekuwa anapakua maharage, akaacha upawa ndani ya sufuria.

"Mablanketi gani, Mwalimu?"

"Ya dawa ya sita."

"Dawa ya sita ni kufungua milango."

"Kufungua milango ni dawa ya saba," akasema Mwalimu. "Niliandika mimi."

Subilaga akawaongoza wote ndani. Tumpale akaandika amri yake ya pamba, waraka ukaja umenadhifika kama kawaida. Mwalimu akavua miwani, akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa skrini. Sita: fungua milango. Tano: mablanketi na majiko ya mkaa. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, uso umembadilika.

"Mwanangu Tumpale, umeuchezea waraka wangu?"

"Sijagusa hata herufi, Mwalimu. Ngoja niufungue bila pamba."

Akaufungua. Ukaja msitu ule wa zamani, reli na nyota, na katikati yake namba. Tatu. Kisha tano. Kisha sita, na mbele ya sita mablanketi. Kisha saba, na mbele ya saba milango. Tumpale akazifuata namba kwa kidole. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pamba inahesabu yenyewe. Inatazama namba ya kwanza tu, halafu inaendelea moja moja mpaka mwisho. Ikakuta pengo lako, ikaliziba."

"Pengo lile nililiacha makusudi."

"Sikujua, Mwalimu. Nikisema nilidhani umekosea kuhesabu nitakuwa mwongo. Sikudhani chochote. Sikuangalia."

Bado walikuwa hawajaelewa ni kwa nini basi mayai yalipona. Kama Mwalimu alitaka mablanketi, na wao wakafungua milango kwenye mvua, si mayai yangekufa kwa baridi? Tumpale akakumbuka kwamba kompyuta huandika joto la kila dakika na kulihifadhi. Akaliita la siku ile. Namba zikashuka kwenye skrini. Thelathini na saba na nusu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Karibu arobaini. Kisha, dakika ile Atupele alipofungua milango, zikaanza kushuka.

"Ilikuwa joto," akasema Atupele. "Haikuwa baridi."

"Kile kitu cha fundi kiliganda hita ikiwa imewaka," akasema Tumpale.

Mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Tungefunika mablanketi na kuwasha majiko, tungekula mayai ya kuchemsha mwezi mzima."

Subilaga alikaa kwenye kigoda akajaribu kuyapanga kichwani. Mwalimu alikosea ugonjwa. Pamba ikakosea namba. Makosa mawili yakakutana, yakazaa vifaranga elfu moja na mia tano na ushei. Akayapanga tena kuanzia mwisho, yakatoka vilevile. Alikuwa amekwenda pale kutoa ndama na kula mbalaga, na sasa hakujua hata kama alichokuwa anakilipa ni wema au ni bahati.

Wakarudi uwanjani. Kamba bado ilikuwa mkononi mwa Mwalimu, lakini watu walikuwa wanaitazama.

Mwalimu akasema, "Najua mnachofikiri. Sikilizeni. Dawa iliyoyaponya mayai haikuanguka kutoka mbinguni. Kuzima hita, kufungua milango, kupepea kwa ungo, niliyaandika mimi miaka mitatu iliyopita, baada ya kuchoma mayai yangu mwenyewe na kujifunza kwa uchungu. Mganga akikosea chupa na mgonjwa akapona, dawa iliyomponya bado ni ya mganga. Bila waraka wangu, pamba ingepamba nini?"

Watu wakasema, "Kweli. Mwachie Mwalimu ndama." Subilaga naye akasema, "Kweli." Kamba ikabaki palepale.

Tumpale akasimama. "Mwalimu nakuheshimu, wewe ni kama baba yangu. Lakini neno lililotoka Tukuyu siku ile lilikuwa mablanketi. Lingefika hapa kama lilivyotoka, leo tungekuwa tunafukia mayai na kaya sitini zinatulaani. Halikufika hivyo. Njiani lilipita kwenye kazi ya mikono yangu, wiki mbili sikulala vizuri, na kazi hiyo ndiyo iliyoligeuza. Kosa langu lina vifaranga. Kosa la Mwalimu lingekuwa na kaburi."

"Lakini hukujua, mwanangu," Subilaga akamwambia.

"Na yeye alijua, shangazi?"

Watu wakasema, "Kweli. Mpe Tumpale." Subilaga naye akasema, "Kweli." Akaichukua kamba kwa Mwalimu akampa Tumpale. Ndama akahama, akaanza kutafuta majani upande huo.

Wanawake wanne waliokimbia na Subilaga siku ile wakamsukuma Atupele mbele. Hakutaka kusema. Wakamsukuma tena.

"Mimi sina maneno," akasema. "Mmoja alikuwa Tukuyu. Mmoja alikuwa kwao. Waraka ulikuwa kwenye skrini, na skrini haina mikono. Milango niliifungua mimi, siku ambayo haifunguliwi. Mama mwenyekiti akanishika akanivuta, sikumwachia mlango. Nina watoto wanne, na nilijua mayai yakifa sitatia mguu tena hapa. Nikafungua."

Wanawake wanne wakasema, "Tuliona. Mpe Atupele." Subilaga akakumbuka jinsi alivyouvuta mkono ule, akaona haya. Akasema, "Kweli, kweli tupu." Kamba ikahamia kwa Atupele.

Hapo Mwalimu, ambaye hakuacha ualimu alipostaafu, akainua kidole. "Atupele mwanangu, swali moja. Skrini ingesema funika mablanketi, ungefanyaje?"

Atupele angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angejua. Akaitazama kamba mkononi mwake, akamtazama ndama, akasema, "Ningefunika. Sikutazama joto. Nilifuata namba."

Watu wakaguna. Subilaga akaichukua kamba tena, akabaki nayo mwenyewe, katikati ya uwanja, bila kujua aipeleke wapi. Akasema ndama amilikiwe na wote watatu, wagawane uzao wake kwa zamu, mtoto wa kwanza wa huyu, wa pili wa yule. Mwalimu akauliza, "Mimi nina miaka sabini na moja. Unanipangia wa ngapi?" Na mmoja wa wale wanawake wanne akamkumbusha kwamba alisema "ni wake", hakusema "ni wao", na wamemshuhudia kama alivyowaomba. Ahadi ni deni. Subilaga akatamani angekimbia siku ile amefunga mdomo.

Akajua pia jambo lingine, na hilo ndilo lililomtisha. Mashine ilikuwa tupu, Jumatatu mayai mapya yanaingia. Bila Mwalimu hakuna anayeijua. Bila Tumpale wangerudi msituni. Bila Atupele hakuna wa kukaa nayo. Watu watatu wale walikuwa wameanza kusimama mbalimbali, kila mmoja ametazama upande wake, na asubuhi walikuwa wamekuja wakicheka pamoja. Ukimpa mmoja, wawili watakuwa wameambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba hawakufanya kitu.

Atupele akamgeukia Subilaga. Alisema taratibu, bila hasira.

"Mama, nikuulize. Mayai yangekufa, ungemfukuza nani?"

Subilaga, mdomo mwepesi yule, alijibu kabla hajafikiri. "Wewe." Kisha akauziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Basi," akasema Atupele. "Hasara ingekuwa yangu peke yangu. Faida mbona ina wenyewe wengi?"

"Angekufukuza siku ya kwanza tu," akasema Tumpale. "Siku ya pili angegundua namba zimehama, angekuomba radhi, akanifukuza mimi. Wangesema binti wa chuo kaleta urembo, urembo umeua mayai. Ningeondoka hapa kijijini, na wewe unajua."

Subilaga akaona hilo nalo ni kweli. Yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kulisema.

Mwalimu alikuwa ameishika miwani yake myeusi, anaifunga na kuifungua. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyejua kama ni dawa ya hospitali.

"Na siku ya tatu," akasema, "mtu mmoja mwenye akili angeuliza kwa nini Mwalimu aliandika dawa kumi na mbili na hakuandika hata ugonjwa mmoja. Kwa nini hakuandika, hii ni ya joto, hii ni ya baridi. Atupele angesoma mwenyewe, asingehitaji namba ya mtu." Akaitia miwani mfukoni. "Sikusahau. Niliacha makusudi. Nilijua nikiandika yote hamtanipigia simu tena."

Subilaga alikuwa anamfahamu Mwalimu miaka arobaini. Alimwonea huruma kuliko alivyowahi kumwonea mtu, na papo hapo akamkasirikia. Akamtazama Tumpale, binti ambaye hakuangalia. Akamtazama Atupele, mwanamke aliyefungua na ambaye angefunika. Akajitazama na yeye, mtu wa pekee pale ambaye siku ile, angekuwa na nguvu kidogo zaidi mkononi, angeifunga ile milango.

Hakuna aliyesema "mpe huyu" tena. Chakula kilikuwa kimepoa. Ndama alikuwa anavuta kamba, na Subilaga alikuwa ameikunja kamba hiyo kiganjani mara mbili, hawezi kuiachia na hawezi kuiweka.

Nami nimemwacha hapohapo uwanjani, kwa sababu mimi pia sijui, na nimeisimulia hadithi hii mara nyingi nikitumaini nitajua. Kwa hiyo jibuni ninyi mnaonisikiliza, lakini jibuni kwa mpangilio. Kwanza kila mmoja aniambie bila kuficha: mayai yale yangekufa, wewe ungemnyooshea nani kidole? Ukishamtaja, ndipo uniambie: ndama ungempa huyohuyo, au mwingine?